Hewa ya inje haiko pansio, lakini askari wetu wa zamani wako na lazima nayo

Mu kila kampi ya batumikaji, kuanzia Kolwezi kufika Likasi na Lubumbashi, kuko mutu mwenye wote wanajua kama alikuwa askari. Hakuna mwenye anamuulizaka kitu. Wanaona tu vile anaikalaka na mugongo ku ukuta na macho ku mulango. Wanaona vile anaruka wakati karyeri inapasua mawe saa ya mangaribi. Wanasikia vile analalamika usiku. Batoto wanamuita kichaa. Bajirani wanasema amerogwa. Bibi yake anasema kidogo tu: «Hakurudia muzima.»

Siye wa sendika tunasema: huyu mutu haiko kichaa na hakurogwa. Ni mugonjwa wa vita. Na ugonjwa wake uko na dawa mbalimbali. Leo tunataka kuzungumuzia moja yenye watu wanacheka wakiisikia: kutoka inje. Kutembea, kuvua samaki, kupanda mulima, kulima, kuikala pembeni ya maji pamoja na wenzake. Tunaomba musome mpaka mwisho mbele ya kucheka.

Mutu anaweza kuuliza: sendika ya batumikaji wa mine inaingia namna gani mu mambo ya jeshi? Jibu ni raisi. Askari wa zamani wako mu kazi yetu. Wanalinda geti, wanapakiza kamioni, wanashuka mu mashimo pamoja na bakrezeri. Na haikuanza leo. Bababu wetu wa Force Publique walitembea mpaka Abisinia, na kule Saio, mu mwezi wa 7 mwaka wa 1941, jenerali Gazzera wa Italia alijitoa mu mikono yao na ya Babeleji. Kisha wakakuya bajandarme wa Katanga, wenye walikimbilia Angola kisha mwaka wa 1963 na kurudia na bunduki mwaka wa 1977 na mwaka wa 1978. Bazee wa Kolwezi hawajasahau mwezi wa 5 wa ule mwaka. Kisha bakadogo wa mwaka wa 1996, batoto wenye walibeba bunduki yenye kuwapita urefu. Na sasa hivi, vita ya Kivu inaendelea kukula batoto wa hizi kampi zetu.

Kila kizazi kilirudia. Wengine walipewa kartasi, wengine pesa kidogo ya kuanzia, wengine hakuna kitu. Wote waliambiwa neno moja: tafuta kazi. Na kazi yenye iko huku kwetu ni mine. Muangalie vizuri: mutu ametoka mu giza, mu kelele na mu milipuko, tunamuingiza tena mu giza, mu kelele na mu milipuko. Kisha tunashangaa juu hapone.

Huu ugonjwa unafanya nini? Munajua sirene ya hatari ku kazi. Ikilia, kila mutu anakimbia, moyo unapiga, macho yanafunguka. Hatari ikiisha, sirene inazimwa. Mu mwili wa huyu askari, sirene haikuzimwa. Vita iliisha, yeye alirudia ku kampi, lakini mwili wake unaendelea kupiga sirene usiku na muchana. Njo maana halale. Njo maana anakasirika juu ya sahani yenye imeanguka. Njo maana anatafuta lutuku: pombe inafunika ile sauti kwa saa mbili tatu, kisha inarudia na nguvu zaidi.

Baminganga walichelewa kukubali. Mu vita ya kwanza ya dunia, askari wa Uingereza walikuwa wanatetemeka bila kidonda, na bakomanda wengi walisema ni woga tu. Ilifika mwaka wa 1980 ndipo baminganga wa Marekani walipotia ugonjwa huu mu kitabu chao kikubwa na jina lenye tunaitaka leo mu Kifaransa stress post-traumatique. Ikiwa inchi tajiri zilitumia miaka hiyo yote ili kukubali, mama wa Kipushi mwenye anafikiri bwana yake amerogwa, hatuwezi kumuhukumu.

Lakini kulikuwa wenye walielewa mapema. Mwaka wa 1917, ku lopitalo ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, kulikuwa munganga Arthur Brock. Aliona kama vita ilikata mutu na kila kitu chenye kumuzunguka: udongo, kazi, watu. Basi, hakuwaacha bagonjwa wake walale ku kitanda siku muzima. Aliwatuma kutembea mu vilima, kulima, kutumika na mikono, kujifunza majani na mawe ya ile fasi.

Kisha vita ya pili ya dunia, kijana mumoja wa Pennsylvania, Earl Shaffer, alirudia kutoka bahari ya Pasifiki. Rafiki yake wa utoto aliuawa kule Iwo Jima. Alikuwa anazunguka tu bila kujua afanye nini na maisha. Mwaka wa 1948 alibeba mufuko mu mugongo na kuanza kutembea njia ya milima ya Appalachian, kutoka Georgia mpaka Maine. Ni zaidi ya kilometa 3 000. Alitumia siku 124. Alieleza kama alitaka kutembea mpaka jeshi litoke mu mwili wake. Mbele yake, hakuna mutu mwenye alijulikana kama amemaliza ile njia kwa safari moja. Alirudilia mwaka wa 1998, akiwa na miaka 79. Hakuna munganga mwenye alimuandikia ile dawa; aliitafuta mwenyewe.

Miaka 64 kisha yeye, mwaka wa 2012, ofisa wa jeshi la Marekani mwenye kuitwa Sean Gobin alirudia kutoka Afganistani na kutembea njia ile ile. Alipomaliza, alijiuliza kwa nini wengine hawafanye vile, na mwaka wa 2013 akaanzisha chama chenye kupeleka askari wa zamani mu safari ndefu za miguu. Mbele yake, mwaka wa 2005, ku lopitalo ya jeshi ya Walter Reed, mu Washington, ofisa wa zamani wa jeshi la maji, Ed Nicholson, alianza kupeleka askari wenye kuumia kuvua samaki na ndoano. Wengine walikuwa wamekatwa mukono ao muguu. Kufunga ndoano ndogo kunafundisha vidole kutumika tena, na kusimama mu mutoni kunafundisha kichwa kunyamaza.

Na sayansi inasema nini? Mwaka wa 2018, wachunguzi wa chuo kikuu cha Berkeley, California, walitoa matokeo ya kazi yao. Walifuata askari wa zamani 72 na vijana 52 wenye walishuka mito ku mitumbwi ya kujazwa hewa. Juma moja kisha safari, alama za ule ugonjwa wa vita kwa askari zilikuwa zimeshuka na 29 ku mia. Tusome vizuri: juma moja kisha, haiko miaka kumi kisha. Haiko muujiza. Lakini mutu mwenye halale tangu miaka, mupe juma moja ya usingizi, ataanza kuamini kama juma ingine inawezekana.

Serikali ya Marekani ilisikia. Mu mwezi wa 12 mwaka wa 2020, sheria ilitiwa sahihi yenye kuomba kikundi cha kazi kichunguze namna gani mapori na mito ya umma inaweza kusaidia kuponyesha wenye walipigana. Na tangu mwezi wa 11 mwaka wa 2022, askari wao wa zamani anapata bure kartasi ya kuingia mu parki za taifa, mpaka siku ya kufa kwake.

Kwa nini inje inasaidia? Haiko uchawi. Kwanza, miguu ikitembea saa nyingi, mwili unachoka vizuri na usingizi unakuya. Pili, mikono ikiwa na kazi ndogo yenye kuonekana, kama kuwasha moto, kufunga wavu ao kupanda muhogo, kichwa kinapata kupumuzika kidogo. Tatu, na hii njo kubwa: wanaume wetu hawazungumuzaka uso kwa uso. Muweke baba ku kiti mbele ya meza, umuulize «unasikia nini mu moyo?», atanyamaza. Lakini mutembee naye kilometa kumi, bega kwa bega, kila mutu akiangalia njia, ku kilometa ya saba atasema kitu chenye hakusemaka hata kwa bibi yake. Ine, ku jeshi alikuwa na ekipe. Alirudia peke yake. Kikundi kinamurudishia watu wenye anaweza kutegemea, bila bunduki.

Sasa tusikilize wenye hawakubali, juu wanasema mambo ya maana.

Wa kwanza anasema: «Haya ni mambo ya Bazungu wenye kushiba. Mutu wetu anatembea kila siku kilometa nane na kinga ao mufuko ku kichwa. Kama kutembea ni dawa, tungekuwa wote bazima.» Ndugu, uko na haki nusu. Kutembea na mufuko wa mawe juu batoto hawakukula ni kazi, na hatusemi kama kazi ya punda inaponyesha. Tunasema juu ya mutu mwenye anaenda kwa mapenzi yake, pamoja na wenzake, bila bosi na bila mizani ya kupimia. Na hii haikutoka Ulaya. Bababu wetu walijua. Mvua ikianza, watu wa kijiji walikuwa wanatoka pamoja mu miombo kutafuta uyoga na viwavi. Wanaume walikuwa wanalala siku tatu ku mutoni juu ya samaki. Walirudia na kikapu cha kujaa na moyo mwepesi. Sisi batoto wa kampi njo tulipoteza hii desturi, Bazungu hawakutuletea.

Wa pili anasema: «Munamutuma mu pori mutu mwenye vita ilimukuta mu pori?» Hili ni neno la kweli na la kuogopesha. Mwenye alijificha miezi mu musitu wa Kivu, majani yenye kutikisika hayamupumuzishe. Yanamuamusha. Basi, sheria ya kwanza ni hii: tumuulize yeye. Wengine watataka maji mapana, fasi yenye jicho linaona mbali. Wengine watataka shamba karibu na nyumba. Wengine kiwanja cha mupira na watu wengi. Hakuna kulazimisha. Askari alilazimishwa ya kutosha.

Wa tatu njo siye wenyewe, watu wa sendika, na huyu anasema kwa nguvu. Tunajua bakubwa wetu. Ukiwaambia kama matembezi yanaponyesha, kesho watachapa maputo, watapeleka askari 30 ku mutoni na kamera, watawapa kila mutu kofia na chupa ya maji, na kesho kutwa watasema swali la askari wa zamani limeisha. Hapana. Tuandike kwa herufi kubwa: MUTONI HAULIPE PANSIO. Kule Marekani, yule mwenye anavua samaki iko na lopitalo yake ya askari wa zamani, iko na pesa ya kila mwezi juu ya vidonda vyake. Ndoano ilikuya juu ya hivyo, haikukuya fasi yake. Hapa kwetu, mujane wa askari anaweza kuzunguka miaka na mafaili mu makono, biro kwa biro. Mwenye anapeana ndoano na anakamata pansio, huyo anacheka na watu.

Vile vile, matembezi hayaondoe munganga. Mutu mwenye anasema anataka kujiua, mwenye anapiga bibi na batoto, mwenye pombe imemukamata, huyo anahitaji lopitalo leo, haiko safari ya siku ya Posho. Hewa ya inje ni rafiki wa dawa. Haiko adui wala mukubali wake.

Sasa, wapi? Mungu alitupatia. Likasi iko na ziwa Tshangalele, lenye lilizaliwa na barazhi ya Mwadingusha. Kolwezi iko na ziwa Nzilo ku muto Lualaba. Mu parki ya Kundelungu, maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya meta 300. Ni kati ya maporomoko marefu zaidi ya Afrika, lakini batoto wengi wa kampi wanayajua ku kalendari tu. Na hapa njo kuko vita ya kweli. Kila mwaka, ukuta wa konsesio unasogea. Njia ya kwenda ku mutoni inafungwa na geti. Kiwanja chenye bababa wetu walicheza mupira kinakuwa parkingi ya kamioni. Mutoni mwingine uko wazi, lakini maji yake yamebadilika rangi na samaki walikwenda. Namna gani tuseme askari aende kupumuzika inje, ikiwa inje yenyewe inauzishwa?

Njo maana tunasema hili ni jambo la sendika. Kodi ya Mine, vile ilibadilishwa mwaka wa 2018, inalazimisha kampuni kutia pembeni hata kidogo 0,3 ku mia ya mapato yake yote ya mauzisho kwa maendeleo ya wakaaji wenye kuguswa na kazi yake. Inalazimisha pia kutiana sahihi na wakaaji ku kaye de sharji, ni kusema kitabu cha ahadi za kampuni. Kila mara tunaona mu vile vitabu masomo, visima, barabara. Ni muzuri, tunataka iendelee. Lakini ni nani alishaomba muandike: «Njia ya ku ziwa itaikala wazi kwa watu»? Ni nani aliomba kiwanja, miti ya kivuli, fasi ya kuvua samaki yenye maji yake yanapimwa? Kama hatuombe, hawataandika.

Basi, mapendekezo yetu ni haya.

Ya kwanza, mu kila mukutano wa kaye de sharji, badelege wa batumikaji na bachefu wa mitaa waombe nafasi za wazi: kiwanja, ukingo wa maji, njia ya miguu. Zipimwe, ziandikwe, ziheshimiwe.

Ya pili, kampuni zenye kutumikisha askari wa zamani zisiwaweke wote usiku ku geti ao ku kazi ya kupasua mawe bila kuwauliza. Mutu mwenye anaruka akisikia mulipuko apewe fasi ingine bila kukatwa mushahara. Sheria ya kazi inasema pumuziko la kila juma ni la lazima. Liheshimiwe kwao na kwa wote.

Ya tatu, serikali. Tangu mwaka wa 2021 kuko programu ya P-DDRCS ya kunyanganya silaha na kurudisha wapiganaji mu maisha ya raia. Kurudisha mutu haiko kumupa mashini ya kushona peke yake. Iweke pia baminganga wa kichwa, na vikundi vya kazi za inje: kupanda miti, kulinda parki, samaki, shamba. Na pansio zilipwe kwanza.

Ya ine ni yetu wenyewe, haihitaji sahihi ya mutu. Siku ya Yenga kisha misa ao kisha hekalu, watu sita ao munane waende pamoja. Wawili wenye walikuwa ku jeshi, wawili wenye waliponea ku mine yenye ilianguka, wengine bajirani. Hakuna kitu cha kulipa. Muhogo, samaki wa kukausha, maji. Hakuna lutuku mu mufuko. Hakuna kuhubiri na hakuna kuuliza vita ilikuwa namna gani. Mwenye anataka kusema, atasema.

Tumetaja wenye waliponea ku mine, na hatukusema vile kwa bahati. Mwaka wa 2010, kule Chile, bachimbaji 33 walifungiwa chini ya udongo siku 69. Mumoja wao, Edison Peña, alikuwa anakimbia kila siku mu mashimo ya chini ili asipoteze akili, na mu mwezi wa 11 wa ule mwaka alikimbia maratoni ya New York. Dunia muzima ilipiga mikono. Lakini kamera zilipoondoka, wengi kati ya wale 33 waliendelea kuteswa na ndoto mbaya na kukosa kazi. Yote mbili ni kweli: kukimbia kulimusaidia Peña kule chini, na kukimbia peke yake hakutoshe. Mine na vita vinaacha kidonda kimoja. Yenye tutapata kwa askari, tutaipata pia kwa baba mwenye alitolewa mu udongo na wenzake wawili wakabakia.

Kwa bamama, neno moja. Wenyi munajua mbele ya munganga. Bwana akianza kulala inje, akiogopa soko, akikataa harusi na kilio, musimufiche na musimupeleke kwa mwenye anaahidi kufukuza mashetani kwa dola. Mumuite mwenzake wa zamani wa jeshi, ao delege wa ekipe. Mumuombe jambo ndogo: «Tunaenda na batoto ku mutoni, utusindikize.» Askari alifundishwa kusindikiza watu. Hii anaijua, na pengine njo mulango wenye atatokea.

Bandugu batumikaji, mu mukutano wenye unakuya, wakati delege atauliza kama kuko maneno ingine, mutu asimame na aseme: kuko njia ya ku ziwa. Tunaitaka wazi. Na kisha aseme jina la yule ndugu mwenye anaikalaka na mugongo ku ukuta, ili tujue nani ataenda kumukamata siku ya Yenga.